Daftari la Mtambo ni la Nani? Viwango huria vya kubadilishana taarifa za mitambo

Ukisimama kando ya barabara pale Changamwe ukayatazama malori yanayotoka bandarini Kilindini, utaona kila kontena limeandikwa herufi nne, tarakimu sita, kisha tarakimu moja zaidi iliyotiwa ndani ya kisanduku. Herufi tatu za mwanzo ni za mwenye kontena. Ya nne hueleza aina ya chombo, na kwa kontena la mizigo huwa ni U. Tarakimu sita ni nambari ya kontena lenyewe. Ile ya kisandukuni hupatikana kwa hesabu inayopigwa juu ya herufi na tarakimu zote zilizotangulia, kwa hivyo karani akikosea moja tu, kwa kawaida hesabu hukataa na kosa hujulikana papo hapo.

Mpango huo umo katika kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 6346. Karani wa Mombasa, wa Shanghai na wa Rotterdam wote husoma maandishi hayo hayo na kuelewa jambo moja. Hakuna anayemuuliza mwenzake anatumia programu ya kampuni gani.

Makala hii inaeleza jinsi wahandisi wa dunia walivyojaribu kuleta maafikiano kama hayo kwa taarifa za mitambo: pampu, jenereta, kreni, kompresa, transfoma na mengineyo. Jambo hili huonekana la wataalamu peke yao, lakini kila mlipa kodi na kila mwenye kiwanda kidogo limo mfukoni mwake. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Swali la zama zetu ni hili: daftari likiwa ndani ya kompyuta ya mtu mwingine, mali ni ya nani?

Pampu moja, majina matano

Tuchukue mfano wa pampu ya kisima kinachonywesha mtaa mzima. Mhandisi aliyechora mradi aliiita P-101 katika michoro yake. Kiwanda kilichoitengeneza kiliipiga chapa nambari yake ya kiwandani. Kompyuta inayoiwasha na kuizima inaitambua kwa jina jingine. Mhasibu ameiandika katika orodha ya mali kwa nambari ya ofisi yake. Na fundi mwenye zamu anaiita "ile ya upande wa mwembe".

Kila mmoja ana habari ambazo wenzake hawana. Mhandisi anajua ilipangiwa kusukuma maji kiasi gani. Kiwanda kinajua ni beringi za aina gani zilizomo. Kompyuta inajua imefanya kazi saa ngapi. Mhasibu anajua imegharimu pesa ngapi. Fundi anajua imeanza kutoa mlio usiopendeza tangu wiki iliyopita. Siku pampu itakapokwama, atakayetaka kujua kama itengenezwe au inunuliwe nyingine, itambidi azikusanye habari hizo tano kwa mkono, na pengine asizipate zote.

Mambo huharibika zaidi kandarasi ya matengenezo inapokwisha. Mwanakandarasi anaondoka na kompyuta yake, na ndani yake imo historia yote: lini mafuta yalibadilishwa, kipuri gani kilitiwa, mtikisiko ulipanda lini. Mwenye mtambo anabaki na chuma. Akiomba kumbukumbu hizo, huenda akapewa faili lisilofunguka ila kwa programu ya muuzaji yule yule, kwa ada ya kila mwaka. Hapo mwenye mali amekuwa mpangaji katika nyumba yake.

Hasara inayohesabika

Kutopatana kwa vipimo ni balaa la zamani. Mwezi wa Februari 1904 mji wa Baltimore, Marekani, ulishika moto. Wazima moto kutoka Washington na miji mingine walifika kusaidia, lakini wengi walikuta mipira yao ya maji haiingii katika mabomba ya Baltimore, kwani kila mji ulikuwa umechonga vifungio kwa kipimo chake. Watu walikuwapo, na maji yalikuwapo, kilichokosekana ni kifungio kimoja. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea.

Taarifa nazo zina vifungio vyake. Mwaka 2004 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia viwango na teknolojia, kwa kifupi NIST, ilitoa ripoti juu ya gharama ya mifumo ya taarifa isiyosikilizana katika majengo makubwa na viwanda vya nchi hiyo. Kwa mwaka 2002 peke yake hasara ilikadiriwa kuwa dola bilioni 15.8. Walihesabu kazi inayorudiwa, karatasi zinazoandikwa upya kwa mkono, muda wa mafundi wa kutafuta mchoro uliopotea, na mengineyo ya aina hiyo.

La kuzingatia ni nani aliyebeba mzigo huo. Wasanifu na wahandisi walibeba bilioni 1.2, wanakandarasi wakuu 1.8, watengenezaji na wauzaji wa vifaa 2.2. Waliobaki, yaani wenye mali na wanaoiendesha, walibeba bilioni 10.6. Kwa maneno mengine, theluthi mbili ya hasara ilimwangukia mnunuzi. Muuzaji hana haraka ya kuliondoa tatizo ambalo halimuumi yeye. Lazima mnunuzi alitake.

Viwango vyenyewe

Hakuna kiwango kimoja kinachotosha kila kitu. Vipo kadhaa, kila kimoja na kazi yake, na vinavyotajwa mara nyingi ni hivi.

*ISO 14224* kinahusu kumbukumbu za kuharibika na kutengenezwa kwa mitambo ya mafuta na gesi. Mizizi yake imo katika mradi wa Norway uitwao OREDA, ulioanza 1981, ambamo kampuni za mafuta zinazoshindana sokoni zilikubali kuchangia kumbukumbu za mitambo yao inavyoharibika. Kila moja iliona kwamba peke yake haina mifano ya kutosha. Kitabu chao cha kwanza cha takwimu kilitoka 1984, na kiwango cha ISO kikafuata mwaka 1999. Toleo jingine lilitoka 2016. Kiwango hiki kinapanga mitambo kwa mafungu na kutoa alama fupi za namna ya kuharibika: FTS ni mtambo uliotakiwa uwake ukakataa, VIB ni mtikisiko uliopita kiasi. Fundi mmoja akiandika "imezima", mwingine "imekufa", wa tatu "haishiki", huwezi kujua ni tatizo moja au matatu. Wote wakiandika FTS, unaweza kuhesabu.

*ISO 13374* kinahusu uchunguzi wa afya ya mtambo ukiwa bado unafanya kazi. Kinagawa safari ya taarifa katika hatua sita. Kwanza kipimio kinachukua mtikisiko au joto la beringi. Pili vipimo hivyo vighafi vinachambuliwa. Tatu vinalinganishwa na mipaka iliyowekwa. Nne inatolewa hukumu ya afya ya mtambo. Tano unafanywa ubashiri wa muda uliobaki. Sita unatoka ushauri: badilisha beringi kabla ya mwisho wa mwezi, kwa mfano. Faida ya kuzigawa ni kwamba unaweza kununua kipimio kwa huyu na programu ya ubashiri kwa yule, na vikasikilizana.

*MIMOSA* ni umoja usio wa kibiashara ulioanzishwa Marekani miaka ya 1990. Umetoa mipango miwili inayojulikana, OSA-CBM, ambao unazipa zile hatua sita umbo la kutumika katika kompyuta, na OSA-EAI, ambao unaunganisha mifumo ya uendeshaji, matengenezo na ghala.

*ISO 15926* kinashughulikia maisha yote ya mtambo, tangu mchoro wa kwanza hadi siku ya kubomolewa. Kilizaliwa katika viwanda vya mafuta vya Ulaya, hasa Norway, ambako kisima kimoja cha baharini huja na maelfu ya michoro na orodha za vifaa.

*OPC UA* ni njia ya mitambo na kompyuta kuzungumza. OPC ya kwanza ilitoka 1996 nayo ilifungamana na programu za Microsoft Windows. OPC UA ilianza kutolewa 2008, haifungamani na kompyuta ya aina yoyote, na imekubaliwa kimataifa kwa nambari IEC 62541.

*ISO 55000* na wenzake, vilivyotolewa mara ya kwanza 2014, havielezi umbo la faili. Vinaeleza uongozi: mwenye mali anapaswa kujua ana nini, kina hali gani, na anaamua vipi lini atengeneze na lini anunue.

Nafasi ni moja, chombo ni kingine

Kama msomaji atabaki na jambo moja tu la kiufundi, na liwe hili, kwa maana mifumo mingi ya nyumbani hukosea hapa.

Unahodha ni cheo, nahodha ni mtu. Nahodha akistaafu cheo kinabaki, akaja mwingine. Mtambo ni vivyo hivyo. Kuna nafasi, yaani "pampu ya kwanza ya kisima cha tatu", na kuna chombo, yaani pampu yenye nambari fulani ya kiwandani ambayo leo imekaa pale, na mwakani huenda ikahamishiwa kisima cha tano. Mpango wa MIMOSA unatenganisha mambo hayo mawili waziwazi na kuandika tarehe ambazo chombo fulani kilikaa katika nafasi fulani.

Faida yake ni hii. Nafasi moja ikiua pampu tatu za viwanda mbalimbali, kosa si la pampu. Huenda maji yana mchanga au chumvi nyingi, au msingi umelegea. Chombo kimoja kikiharibika katika nafasi tatu tofauti, basi kosa ni la chombo. Daftari lisilotenganisha nafasi na chombo haliwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo, nawe utaendelea kununua pampu mpya za kuzikwa pale pale.

"Huria" maana yake nini

Neno hili huwatia watu hofu. Wengine hudhani kwamba kiwango huria ni kuanika taarifa za mtambo kwa kila mtu. Sivyo. Kilicho wazi ni sarufi, si barua. Kila ajuaye Kiswahili anajua sarufi yake, lakini hilo halimpi ruhusa ya kusoma barua zako. Kiwango huria ni kile ambacho maelezo yake yanapatikana kwa yeyote, na yeyote anaweza kutengeneza programu inayokifuata bila kuomba ruhusa ya mshindani wake. Nyaraka za ISO huuzwa, ndiyo, lakini akishanunua, hakuna anayemzuia mtu kuzitumia.

Tukirudi kwa makontena, historia ina funzo. Safari inayohesabiwa kuwa mwanzo wa zama zake ilikuwa ya Aprili 1956, meli Ideal-X ilipopakia makontena 58 kutoka Newark hadi Houston. Mfanyabiashara aliyeianzisha, Malcom McLean, alikuwa na hati za kumiliki ubunifu wa pembe na kufuli zinazoshika kontena. Baadaye aliruhusu ubunifu huo utumike bila malipo ili kipatikane kipimo kimoja cha dunia. Aliachia kufuli, akapata soko. Lau angeng'ang'ania, huenda kila bandari ingehitaji kreni ya kila kampuni.

Pingamizi zinazotolewa

Yapo maneno ya upande wa pili, na baadhi yake yana uzito.

La kwanza ni usalama. Mtambo unaozungumza na kompyuta nyingi una milango mingi ya kuingilia mwizi. Ni kweli, na ndiyo sababu OPC UA imewekewa njia za kutambua anayezungumza na kuficha mazungumzo yenyewe. Lakini mlango wenye kufuli hausaidii kama haukufungwa. Anayeusimika lazima aziwashe hinga hizo.

La pili ni gharama. Kiwanda cha barafu chenye kompresa mbili hakihitaji OSA-EAI wala ISO 15926, na atakayekuuzia mfumo mkubwa kwa kazi hiyo amekuona mjinga. Kanuni za viwango hivyo, hata hivyo, zinaweza kutumika katika jedwali la kawaida la kompyuta.

La tatu ndilo gumu zaidi. Kiwango hakiandiki daftari. Fundi asipoandika, au akiandika jioni kwa kukisia, sarufi nzuri itabeba uongo kwa ufasaha. Kazi ya kwanza ni ya watu: zamu iandike, msimamizi asome, na fundi aone kwamba alichoandika kimetumika.

Sisi wa Pwani

Pwani yetu ina mitambo mingi kuliko tunavyokumbuka. Kreni za Kilindini, feri za Likoni, majenereta ya umeme ya Kipevu, bomba la mafuta linaloanzia Mombasa kwenda Nairobi, viwanda vya saruji, mahoteli na majenereta yake, vyumba baridi vya samaki, pampu za maji na mashine za hospitali tangu Vanga hadi Lamu. Mitambo hii imetoka nchi mbalimbali, kila mmoja na programu yake. Tena hewa yetu ni ya chumvi. Takwimu za kuharibika zilizokusanywa kwenye nchi za baridi haziwezi kutueleza sawasawa beringi yetu au bati letu litadumu miaka mingapi. Kumbukumbu za mitambo iliyofanya kazi hapa ni elimu ambayo haiuzwi kwingine. Tukiiacha iondoke na kila mwanakandarasi, tunaitupa.

Kwa mali ya umma, msingi wa kudai upo tayari. Sheria ya ununuzi wa umma na uuzaji wa mali ya mwaka 2015, kifungu cha 60, inataka masharti ya kiufundi ya zabuni, pale inapofaa, yatokane na viwango vya kitaifa au vya kimataifa. Inazuia pia kutaja chapa ya kampuni fulani, isipokuwa pale ambapo hakuna namna nyingine ya kueleza kinachotakiwa, na hata hapo kinacholingana nacho kikubaliwe. Shirika la viwango nchini, KEBS, ndilo linaloiwakilisha Kenya katika ISO.

Kwa hivyo mwakilishi wa wadi, mwanakamati wa mradi wa maji, meneja wa hoteli au mwenye kiwanda anaweza kuuliza haya kabla ya kutia sahihi:

1. Kumbukumbu zote za mtambo, pamoja na vipimo na historia ya matengenezo, zimeandikwa katika mkataba kuwa ni mali ya mwenye mtambo?
2. Zitatolewa katika umbo gani, na je, zinafunguka bila programu ya muuzaji?
3. Zitatolewa mara ngapi? Kungoja mwisho wa kandarasi ni kuchelewa. Kila mwezi au kila robo mwaka ni bora.
4. Mfumo unafuata kiwango gani kinachojulikana, na toleo la mwaka gani? Jibu la "mfumo wetu uko wazi" halitoshi.
5. Michoro, orodha ya vipuri na maneno ya siri ya kompyuta ya mtambo vitakabidhiwa siku gani, na kwa nani kwa jina la cheo?
6. Sehemu ya malipo itazuiliwa mpaka makabidhiano hayo yathibitishwe?

La mwisho ndilo lenye meno. Mtambo ukishawaka na malipo yakishakamilika, hakuna anayerudi kuleta karatasi.

Na kwa mwenye mtambo mmoja au miwili, anza leo na jedwali lenye safu saba: nafasi, nambari ya kiwandani ya chombo kilichopo, tarehe, saa ilizofanya kazi, alama ya tatizo, kilichofanywa, na kipuri kilichotiwa. Chagua alama kumi tu za matatizo na mafundi wote wazitumie hizo hizo. Weka nakala mahali pawili. Ukitaka siku moja kuhamia mfumo mkubwa, kumbukumbu hizo zitahama nawe.

Kontena likifika Kilindini halihitaji mtu wa kulitambulisha. Maandishi yake yanatosha. Pampu ya kisima chetu nayo inastahili hivyo: fundi mgeni akifika, alifungue daftari na kujua ni ipi, imekaa hapo tangu lini, na mara ya mwisho iliugua nini. Daftari hilo liwe mikononi mwa wale wanaokunywa maji yake.